Rangi ya ukuta haichaguliwi dukani

Kuna ugomvi ambao mtu huona haya kuusimulia, si kwa sababu ni wa aibu, bali kwa sababu ni mdogo mno. Ugomvi wa namna hiyo uliingia katika jamaa yetu mwaka jana ukakaa miezi 2. Haukuhusu shamba wala urithi. Ulihusu rangi mbili za ukuta ambazo, ukiziweka mezani kando kwa kando, jirani yeyote angeapa kuwa ni moja.

Nyumba yenyewe ni ya mama yetu, huko Machakos. Ni nyumba ya mawe ya Ndarugo, yale ya kijivu yanayochongwa upande wa Juja, na marehemu baba aliijenga kwa mkopo wa chama cha ushirika. Tangu mwanzo ilipakwa kama zilivyopakwa nyumba nyingi za watumishi wa serikali wa wakati wake: nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta iliyokolea, damu ya mzee, na nusu ya juu krimu. Milango ilikuwa ya kahawia. Vidato viwili vya veranda vilikuwa vya saruji nyekundu iliyong'arishwa. Ndani mlifanana na darasa la shule ya msingi, na sisi watoto, tuliokwisha kuzoea mambo ya mjini, tukawa tunaionea haya. Mama alipotimiza miaka 78 tuliafikiana kumpa zawadi: nyumba ipakwe upya, ndani na nje, kwa rangi ya kisasa.

Ya kisasa ni ipi? Dada yangu mkubwa, anayeishi Minnesota huko Marekani, alituma jina: Agreeable Gray, rangi ya kampuni ya Sherwin-Williams ambayo, kwa maneno yake, kila jirani wake ameipaka. Kitinda mimba wetu, aliye Nairobi na anayejiona bingwa wa mambo ya nyumba, akaleta jina jingine la kampuni iyo hiyo: Repose Gray. Dada akasema kwamba ya mdogo wetu ni baridi kama chumba cha maiti. Mdogo akajibu kwamba ya dada ni uji uliochacha. Mimi, niliyezaliwa katikati, nikatwikwa kazi ya kwenda dukani kutafuta rangi za hapa nchini zinazokaribiana na hizo, na kuamua. Niliamua vibaya, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kabla sijasimulia nilivyokosea, yafaa tujue tunazungumzia rangi gani, maana hata jina lake halijatulia katika Kiswahili. Si kijivu na si hudhurungi. Ni kijivu kilichotiwa joto kidogo, au hudhurungi iliyonyunyiziwa jivu. Waingereza na Wamarekani huiita greige, na wengi wao hudhani neno hilo ni ndoa tu ya kijivu chao na rangi yao ya mchanga. Lakini lina ukoo wa zamani zaidi. Lilitoka kwa Wafaransa, nao walilipata kwa Wataliano, na maana yake ilikuwa hariri ghafi ambayo haijatiwa rangi. Hadi leo viwanda vya nguo hulitumia neno hilo kwa kitambaa kilichotoka kufumwa na ambacho hakijasafishwa wala kuchovywa rangi yoyote.

Kitambaa cha aina hiyo sisi tunakijua. Ni merikani. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, ndio waliokileta Unguja katika karne ya 19, na mwaka wa 1833 Sayyid Said akatiliana mkataba wa biashara na Marekani. Kutoka pwani kikapanda bara kwa misafara, kikawa fedha mahali ambapo sarafu hazijafika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani mwaka wa 1861 na pamba ikaadimika, vitambaa vya kwingineko vilichukua nafasi sokoni, ila jina likabaki lile lile. Kwa hiyo dada yangu alipotutumia kutoka Minnesota rangi ya kisasa isiyo na jina la Kiswahili, alikuwa akiturudishia kitu ambacho watu wa nchi hiyo waliwahi kutuuzia, na ambacho mabibi zetu walikivaa. Nami katika makala haya nitaiita rangi ya merikani.

Wala hatukosi majina mengine. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingi zilizosalia tumeziita kwa vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Na mtu ambaye ngozi yake si nyeusi sana wala si nyeupe, tunasema ni maji ya kunde. Hebu yafikirie maji hayo, msomaji, kunde zikiisha kuchemka. Ni ya kijivu? Ni ya hudhurungi? Kuna wekundu ndani yake? Jibu linategemea sufuria, na dirisha ulilosimama karibu nalo.

Huko ndiko kuliko ugumu wote wa rangi hizi. Mchanganyaji wa dukani huanza na kopo la rangi nyeupe, kisha mashine ikadondosha humo vikolezo kidogo kidogo: cheusi, cha manjano ya udongo, chekundu cha kutu, pengine na cha kijani. Rangi yenye nguvu, kama nyekundu ya matofali, haijali tone moja likizidi. Merikani ni kama mizani ya sonara. Kwa kuwa vyote ndani yake vinakaribia kulingana, tone moja la wekundu huisukuma upande wa waridi, tone la kijani huifanya ukungu wa kinamasi, na bluu kidogo ikikutana na wekundu kidogo utapata zambarau iliyopauka ambayo hukuiagiza. Mafundi husema kila merikani ina rangi nyingine iliyolala chini yake. Nayo hailali kwa heshima. Hungoja mpaka ukuta wa nne umekwisha kupakwa ndipo iamke.

Kuiamsha mapema si kazi kubwa. Iweke kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe safi, kisha uiweke kando ya ndugu zake watatu au wanne. Jicho likitazama rangi moja peke yake huizoea upesi, likaiita kijivu tu. Likizitazama nne pamoja hugundua mara moja kwamba hii ina uwaridi na ile ina ukijani. Njia nyingine ni kutazama rangi iliyokolea kuliko zote katika kadi hiyo hiyo, maana kilichofichika katika rangi hafifu hujitangaza katika ile nzito.

Mimi sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilisimama katika duka moja la Nairobi, chini ya taa nyeupe zinazotoa mwanga kama wa chumba cha upasuaji, nimeshika vijikadi viwili vyenye ukubwa wa kiberiti. Kijana aliyekuwa akiuza alinihurumia. "Mzee, hizi ni pacha," akaniambia. "Chukua yoyote, ukutani zitafanana." Nikachukua iliyoonekana kuwa na joto kidogo, ili nimridhishe dada, kisha nikanunua ndoo 3 za lita 20 kwa mkupuo mmoja, ili nipunguziwe bei. Nilipunguziwa kweli.

Sasa nizungumzie mwanga, kwa sababu hapa tunapotoshwa na watu wenye nia njema. Karibu maelezo yote ya kuchagua rangi za nyumba huandikwa Ulaya na Marekani. Huko wanasema kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, kwamba mwanga wake una ubuluu, na kwa hiyo kipakwe rangi yenye joto. Na kile kinachotazama kusini kinaweza kustahimili rangi baridi. Kwa mtu wa London au wa Minneapolis ni maneno ya kweli. Dada yangu aliyarudia kwenye simu kama msahafu, akaniuliza dirisha la sebule ya mama linatazama wapi. Linatazama kaskazini, nikasema. Basi tia joto, akasema.

Lakini Machakos ipo karibu digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua letu la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini. Machi na Septemba hutusimamia utosini. Hakuna chumba ambacho mwaka mzima kimegeuziwa kisogo na jua kama vilivyo vyumba vya wenzetu. Kinachotofautisha chumba na chumba katika nchi yetu ni mashariki na magharibi: kile kinacholiona jua saa 2 za asubuhi, na kile kinachopigwa nalo usoni kuanzia saa 10 za jioni hadi linapozama. Halafu kuna ukubwa wa veranda, maana veranda pana hukata jua lote la juu na kuacha mwanga unaotoka chini tu.

Na huo unaotoka chini ndio nilioupuuza kabisa. Mwanga hauingii nyumbani moja kwa moja. Mara nyingi hugonga kitu kwanza, na kila kinachogongwa hutia mkono wake. Lamu, mwanga huingia ukiwa umepitia kuta za chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe, na hufika ndani ukiwa mweupe na mpole. Katika mitaa yetu ya Nairobi hugonga bati la jirani, na bati likiwa la buluu au la kijani, ukuta wako nao utaonja. Kule kwetu Machakos hugonga udongo mwekundu. Uwanja wa mama ni mwekundu kutoka kizingitini hadi langoni. Kila alasiri jua likikaa kichwa upande, uwanja huo hurusha wekundu wake hadi kwenye dari ya sebule. Mimi nilikuwa nimepaka humo rangi ambayo tayari ilikuwa na uwaridi umelala chini yake. Uliamka.

Mama alitoka jikoni siku ya kwanza mafundi walipomaliza, akasimama katikati ya sebule, akageuka polepole. "Mwanangu," akasema, "mbona mmenipakia nyumba rangi ya ufizi?"

Hakukosea. Ilikuwa ufizi, na saa 11 za jioni ilikuwa ufizi wa mtoto anayeota meno. Usiku, kwa zile balbu zilizoandikwa kwenye boksi kwamba zina mwanga wa mchana, ilikuwa kijivu kilichokufa. Wanaopima mwanga huzipa balbu hizo Kelvini 6500 au karibu, ilhali balbu za kale za waya, zenye umanjano, ni takriban 2700. Ukitoka kwenye hizi kwenda kwenye zile, merikani hubadilika kana kwamba umepaka upya. Si hayo tu. Rangi mbili zilizochanganywa kwa vikolezo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani, zikaachana mara tu zinapofika kwenye jua. Mpangaji wa Nairobi anayajua haya kwa maumivu. Siku ya kuhama huambiwa aurudishe ukuta katika krimu aliyoikuta, asije akakatwa dipoziti. Akinunua krimu ya jina lile lile na kuziba pale misumari ilipokuwa, ukuta hutoka mabaka kama mwenye choa. Jina la rangi si rangi. Hata makopo mawili ya jina moja na kiwanda kimoja yaliyotengenezwa siku tofauti yanaweza kupishana kidogo, na ndiyo maana fundi mwangalifu huyamimina yote katika pipa moja kabla hajaanza kazi.

Mchoraji wa Kifaransa, Claude Monet, aliwahi kulifanya jambo hili kuwa kazi yake. Kati ya miaka ya 1892 na 1894 alichora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30. Ni jengo moja la mawe, lenye rangi ambayo dada yangu angeiita merikani bila kusita. Katika picha zake ni la buluu asubuhi, la dhahabu mchana, la waridi jioni. Jiwe halikubadilika hata kidogo.

Najua kuna watakaosema kwamba katika nchi ambamo wengi hawana saruji ya kukandikia ukuta, kuzungumzia tofauti za kijivu na kijivu ni anasa ya walioshiba. Siwakatalii haki ya kusema hivyo. Ila nawakumbusha kwamba waliolijua jambo hili kuliko sisi ni wale wale waliokandika kwa udongo. Bibi yangu mzaa mama alichanganya udongo, samadi na jivu, na kilichopatikana kilikuwa merikani safi kuliko ya kiwanda chochote. Hakukandika ukuta mzima kwa siku moja. Alipaka kipande karibu na mlango akakiacha mpaka kesho, kwa sababu udongo ukiwa majimaji hudanganya: huwa mweusi kuliko utakavyokuwa ukikauka. Rangi za maji tunazonunua siku hizi nazo hudanganya, ila kinyume chake. Nyingi hukauka zikiwa zimekolea kuliko zilivyotoka koponi. Bibi hakuwa na kadi wala katalogi, lakini alijua kwamba ukuta huulizwa kwanza.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tusipake nyeupe tukapumzika. Mgala muue na haki yake umpe: merikani ina sifa zake. Nyeupe tupu katika jua letu huumiza macho, na vumbi letu jekundu huiaibisha kabla mvua za vuli hazijafika. Merikani huvumilia vumbi, huvumilia mikono ya wajukuu, na haigombani na kochi lolote. Sina ugomvi nayo. Mama mwenyewe hakuwa na ugomvi nayo. Tungeweza hata kuuzoea ule ufizi.

Kosa tusiloweza kulizoea lilikuwa jingine. Katika picha alizotuma dada, nyumba zote zilikuwa za rangi moja kuanzia chini hadi juu: ukuta, mlango, fremu, na ule ukanda wa mbao chini ya ukuta. Ndiyo mtindo wa sasa, na picha zake zinapendeza. Tukamwambia fundi afanye vivyo hivyo. Damu ya mzee ikafunikwa. Milango ya kahawia ikafunikwa. Vidato vya veranda, ambavyo mama alikuwa akivipiga bolishi nyekundu kila Jumamosi kwa muda wa miaka mingi, vikapakwa rangi ya sakafu ya kijivu ili vipatane na ukuta. Fundi aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Nilimwambia tunayo.

Wiki 3 baadaye nilikwenda kulala huko. Alfajiri nikasikia mkwaruzo ukutani, nikatoka chumbani. Mama alikuwa ukumbini akipapasa ukuta kwa kiganja, anatafuta mlango wa chumba chake mwenyewe. Aliponiona alijifanya anafuta vumbi. Sikumwuliza kitu, na hilo ndilo linaloniuma. Siku 4 baada ya mimi kurudi Nairobi alitoka na sinia la mahindi ya kuku, akakikosa kidato cha pili, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Daktari aliyemfunga plasta alimulika macho yake kwa kurunzi akatuambia jambo ambalo watoto watatu wenye simu za kisasa hatukulijua: mama alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na si wa jana.

Lenzi ya jicho lenye ugonjwa huo huingia ukungu, na mara nyingi hugeuka njano au kahawia. Mwanga mchache hupita, rangi za buluu hufifia, na tofauti ndogo kati ya vitu vinavyokaribiana hupotea. Monet huyo huyo aliyeyachora mawe ya Rouen alipatwa nao uzeeni, rangi zikamchafukia machoni, hata akakubali kupasuliwa mwaka wa 1923. Sisi tulikuwa tukibishana kama merikani hii ni baridi na ile ina joto. Kwa mama zote zilikuwa pazia moja la moshi lililofunika ukuta, mlango na kidato.

Kuna kipimo cha mambo haya. Hupima kiasi cha mwanga ambao rangi huurudisha badala ya kuumeza: nyeusi kamili ni 0, nyeupe kamili ni 100. Baada ya ajali nilikaa nikazitafuta zile rangi mbili za ugomvi wetu. Agreeable Gray ni 60. Repose Gray ni 58. Miezi 2 ya simu kuvuka bahari, dada kutosemezana na mdogo wake, kwa ajili ya pointi 2. Na mwongozo wa Uingereza wa ujenzi wa majengo yanayomfaa kila mtu, ule unaoitwa BS 8300, hupendekeza kwamba mahali ambapo mtu mwenye macho hafifu anahitaji kutofautisha kitu na kitu, kama mlango na ukuta, tofauti iwe pointi 30. Baba hakuwahi kuusoma mwongozo huo. Lakini krimu yake na kahawia yake, damu ya mzee yake na saruji yake nyekundu, vilikuwa vimemwongoza mama ndani ya nyumba ile bila yeye kujua kwamba anaongozwa. Kwa rangi yetu ya kisasa tulimpa tofauti ya 0.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Kwa mama yangu wakati ule nyumba njema ilikuwa mlango, tena mlango unaoonekana.

Sidai kwamba kila mtu arudie damu ya mzee. Ninachodai ni kwamba mpangilio wa kazi ubadilike. Tunaanza na swali la mwisho, merikani hii au ile, tukiwa hatujajibu la kwanza: nani anaishi humu, anaonaje, na anahitaji kuona nini ili asianguke? Likijibiwa hilo, mlango na fremu na kingo za vidato hupata rangi zake, na tofauti kati ya merikani mbili hubaki kuwa ilivyo, yaani suala la kupendeza. Wauzaji rangi nao wana deni kwetu. Kile kipimo cha mwanga kingechapishwa kwa tarakimu kubwa kwenye kila kadi, mahali mteja anapoweza kukisoma bila kuomba katalogi. Na kila duka lingeuza kopo dogo la kujaribia, hata la robo lita, ili mtu asilazimike kununua ndoo ndipo ajue. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba kama 35, ukiondoa mlango na madirisha. Kukipaka mara mbili, kwa lita moja inayofunika mita za mraba 10, hula lita 7. Zidisha kwa vyumba vyako. Kopo la kujaribia ni bei ya chai ukilinganisha na hasara hiyo.

Mama alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa nne baada ya kuanguka. Bandeji ilipotolewa alisema kwamba anga limekuwa la buluu mno, kisha akaitazama sebule na kusema kwamba ufizi umezidi. Safari hii sikwenda na kadi. Nilinunua rangi 4 kidogo kidogo, nikapaka vipande 4 vya hadibodi vyenye upana wa sentimita 60, kila kimoja mara mbili, nikiacha pembeni ukingo mweupe ili ule ufizi wa ukutani usiviharibie sura. Kwa siku 2 tulivihamisha: nyuma ya kochi, kando ya dirisha, karibu na mlango, penye giza la ukumbini. Tulivitazama asubuhi, adhuhuri na jioni, na usiku kwa balbu mpya zenye umanjano. Hata umeme ulipopotea, jambo ambalo halikutushangaza, tulivitazama kwa mshumaa. Mama alikaa kwenye kiti chake akitoa hukumu. Kimoja alikikataa kabla hakijafika ukutani.

Alichokichagua hakikuwa cha dada wala cha mdogo wetu. Kilikuwa na ukijani mdogo sana umelala chini, na wekundu wa uwanja ulipokifikia jioni, viwili hivyo vilikutana vikatulia. Nilishangaa, kwa maana dukani ningekipita bila kukigusa. Milango imerudia kahawia. Vidato vimerudia wekundu, na kila kimoja kina ukanda wa manjano ukingoni, ambao mdogo wetu anauona kuwa ni wa kituo cha basi. Mama anaupenda.

Dada alipiga simu kutoka Minnesota akitaka jina la rangi hiyo, awaambie rafiki zake. Nikamwambia haina jina, ina nambari tu. Mama akaninyang'anya simu. "Mwambie ni maji ya kunde," akasema, ingawa aliyekuwa akiongea naye alikuwa dada mwenyewe.

Ndoo moja ya ile ya ufizi bado imo ghalani, haijafunguliwa. Mdogo wetu ameiomba akapakie banda la kuku. Mama amemwambia hana neno, ila kwanza apake ubao, akauweke bandani siku mbili, kuku wautazame.